Kompyuta Yangu Iligeuka Foleni ya Sukari

Jamani, leo nimejidhalilisha. Saa nne asubuhi, jua kali, mbele ya mtu wa Wizara! Nawaandikia barua moja nyote wanne tuliosoma pamoja chuo cha ualimu. Mkimaliza mpeane, maana sina nguvu ya kuisimulia aibu hii mara nne. Na nawaambia mapema: sijutii hata chembe. (Chembe moja najutia. Mtaiona.)

Mnajua nafundisha hisabati hapa Kariakoo, shule ya serikali, hatua chache kutoka sokoni. Sasa Wizara inajiuliza kama somo la kompyuta liingie kwenye mitaala ya sekondari zetu. Wakubwa wengi wanasema haiwezekani, kwa sababu serikali imezuia kuagiza hizo mashine, na sisi wenyewe hata chaki tunagawana vipande. Mimi nikaandika pendekezo, kurasa sita, nikasema mashine si lazima. Kinachofundishwa ni namna ya kutoa maagizo. Wakanijibu! Wangemleta mtu mmoja alione somo kwa macho yake. Akiandika linafaa, pendekezo linakwenda mbele ya kamati. Akiandika halifai, faili linafungwa. Halafu siku mashine zikija, zitaendeshwa na wataalamu wa kukodi kutoka nje, na wanafunzi wangu watawafagilia ofisi. Hilo linaniuma sana. Watoto hawa wana akili zao, hawajaziazima kwa mtu.

Basi leo akaja. Ndugu Kihwelo, suti ya mikono mifupi, mkoba wa ngozi kwapani, uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Ndugu Mwalimu," akaniambia kabla hata hajakaa, "kufundisha kompyuta bila kompyuta ni sawa na kufundisha kupika bila sufuria."

"Sufuria zitakuja, Ndugu. Zikija tukawa hatujui kupika, je?"

(Mwalimu Mkuu akakohoa. Akikohoa vile maana yake nyamaza.)

Nikawatoa uani. Kidato cha tatu wote ukimtoa mmoja, wanafunzi thelathini na wanane, wamesimama mstari mmoja. Kila mmoja ameshika kipande cha boksi chenye namba, na namba zimechanganywa. Maboksi yaliniishia nilipofika thelathini, kwa hiyo wanane waliobaki waliandikiwa namba kiganjani kwa kalamu ya wino. Mbele nimeweka meza. Mezani yupo huyo mmoja, Mwajuma, na daftari lake, msichana mwenye akili kuliko darasa zima. (Simwambii, atavimba kichwa.)

Maagizo yapo ubaoni. La kwanza: kila anayeingia mstarini apewe namba. Kadi zikiisha, aandikiwe kiganjani namba inayofuata. La pili: kama aliye nyuma yako ana namba ndogo kuliko yako, badilishaneni nafasi. La tatu: rudieni mpaka pasiwe na wa kubadilishana.

"Leo nyinyi ni mashine," nikawaambia. "Mashine haiulizi kwa nini. Haimwonei mtu haya. Inafuata maagizo, basi."

Sasa hebu tazameni nilichokipanga. Mstari. Namba. Meza. Mtu wa daftari. Geti liko wazi, kwa sababu mlinzi alilifungulia gari la Wizara akasahau kulirudisha. Kilichobaki ni mizani tu! Mimi niliyepanga foleni ya sabuni, ya mafuta, ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mimi mwenyewe sikuona kitu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno. Kumi na saba akampisha nne. Ishirini akampisha tisa. Kimya, adabu, miguu tu inasikika. Ndugu Kihwelo akatoa kalamu akaanza kuandika, na mimi moyo ukanidunda kwa furaha. Kisha akasema anataka kuona mwisho wa mstari unavyofanya kazi. "Karibu, kagua," nikamwambia, nikabaki ubaoni nikimweleza Mwalimu Mkuu agizo la tatu. Geti nimelipa mgongo.

Yaliyotokea huko nyuma nimeambiwa baadaye. Alipita mama mmoja na kikapu, akaona foleni. Akaingia. Nyuma yake akaingia msukuma mkokoteni.

"Wanatoa nini hapa?"

"Sijui. Wewe panga kwanza."

Na Mwajuma, mashine yangu, agizo analo. Akainuka na kalamu. "Mama, lete kiganja." Thelathini na tisa. "Na wewe, kaka." Arobaini. Watu walipoona kuna hata namba, imani ikazidi. Leo mambo yamepangwa! Wakaanza kuitana kutoka ng'ambo ya barabara.

Mimi nikasikia kelele tu. Watu wa nyuma walikuwa wamewaona wanafunzi wakibadilishana nafasi.

"We mtoto! Unachomekea wapi?"

"Wanapishana kwa kujuana hao! Undugunaizesheni mpaka shuleni!"

Nikataka kugeuka niulize kuna nini. Hapo hapo sauti ya mwanamke ikapaa kutoka mwisho wa mstari: "Sukari! Jamani, sukari imekuja!"

Ndugu zangu, wiki ya tatu hii nakunywa chai ya chumvi. Miguu haikuniuliza. Nilidondosha chaki, nikamwacha Mwalimu Mkuu na nusu ya sentensi, nikavua kanga mabegani (ya kufungia sukari, si nilitoka mikono mitupu!) nikakimbia. Nilimpita mtu kwa kiwiko. Nikaingia mstarini ninahema.

"Kiganja, Mwalimu," akasema Mwajuma, macho makavu.

Nikatoa! Nikaandikiwa sitini na mbili. Na nikamshukuru.

Nikamgusa bwana aliye mbele yangu begani. "Ndugu yangu, wanatoa kilo ngapi?"

"Nasikia mbili mbili," akajibu bila kugeuka. Alikuwa anahangaika kutoa makaratasi kwenye mkoba ili upate nafasi.

"Kwa kaya au kwa kichwa?"

Ndipo akageuka.

Ndugu Kihwelo.

Tukatazamana. Yeye ameshika mkoba mtupu umefunguka mdomo, mimi nimetandaza kanga. Mwajuma akatutazama mmoja mmoja, sitini na moja, sitini na mbili, akasema kwa heshima zote: "Mwalimu, hapa namba ziko sawa. Hakuna wa kubadilishana."

Mashine nzima ikaangua kicheko. Wengine walikaa chini.

Kuja kujulikana sukari hakuna, nilitukanwa na nusu ya Kariakoo. "Mwalimu mzima unatuchezea foleni!" mama wa kikapu akanifokea. "Nimeacha maharage motoni!" Nilimwomba radhi (maharage yake ndiyo ile chembe ninayoijutia), na nilimwomba kwa moyo, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeumia. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, kwa hiyo nikaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu kusikiliza hukumu yangu.

Ndugu Kihwelo alikuwa amekwisha kujikusanya. Akafungua faili.

"Ndugu Mwalimu, hili haliwezi kupita. Somo limekushinda, limeingiliwa na watu wa barabarani."

Hapo ndipo nilipowaka. Kama ni aibu, nilishaimaliza yote kule uani, haikubaki ya kuniogopesha.

"Mwajuma kakosea wapi?" nikamuuliza. "Nitajie namba moja aliyoikosea! Nimemwambia kila anayeingia apewe namba, akampa kila aliyeingia. Kosa ni langu. Sikuandika nani aingie, sikuandika mstari ufungwe lini. Mashine ya mamilioni kutoka ng'ambo ingefanya vile vile, tena bila kusema 'lete kiganja, mama'. Watoto wamejifunza leo kwamba maagizo mabovu huzaa kazi mbovu. Hilo ndilo somo lenyewe, Ndugu, na wamelipata bila waya hata mmoja!"

Mwalimu Mkuu akatazama dirishani.

"Na wewe mwenyewe kukimbilia foleni?" akaniuliza Ndugu Kihwelo. "Niandike na hilo?"

"Andika. Andika mwalimu wa somo alikuwa wa sitini na mbili. Sifichi." Nikamwekea kiganja changu mezani, wino umekolea. "Ila ukishaniandika mimi, andika na wa sitini na moja."

Akatazama kiganja chake. Akasugua kwa kidole gumba. Akasugua tena kwa leso, na mate kidogo. Wino wa serikali hautoki hivi hivi.

Akavuta faili karibu, mkono wa kushoto ameufumba, na kwa ule wa kulia akaandika: Linafaa. Lipelekwe mbele ya kamati.

Haya, chekeni, najua mmeshaanza. Ila kabla hujacheka sana, wewe unayesoma, sema kweli ya Mungu: ungesikia sukari imekuja, ungebaki ubaoni?