Mpira wa Katikati ni wa Nani?

Habari ilifika kijiweni kabla ya kahawa. Aliyeileta ni Kipaza, na Kipaza akileta habari, hata maiti huinua kichwa kuuliza ni nani mwingine aliyekufa.

"Seti tatu kwa bila!" alikuja akipaza, mashine ya kunyolea mkononi. Kwenye kibanda chake cha kinyozi, hatua kumi kutoka hapa, kamwacha mteja kitini, kichwa nusu kipara nusu kichaka. "Wameandika kwa kalamu nyekundu, wamebandika mlangoni pa ofisi ya mtaa! Mtu akienda kuchukua barua ya utambulisho, anasoma aibu yetu kwanza!"

"Tulifungwa juzi," Twiga akamjibu bila kugeuka. "Na wewe ulikuwemo uwanjani. Leo ndiyo unashangaa?"

"Kufungwa si habari, kaka. Sisi kufungwa ni kama jua kuchomoza. Habari ni tumefungwa na nani. Wameandika wazi: Timu ya Viziwi, seti tatu. Timu ya Mtaa, yai."

Kijiwe hiki hakijui kunyamaza. Ni benchi moja la mbao mbele ya meza yangu ya kushona viatu, chini ya bati linalovuja mahali pale pale kila masika, na hapo tunajadili dunia nzima mpaka inaomba poo. Mimi naitwa Gundi. Jina lina sababu mbili: kazi yangu, na namna nilivyoganda kwenye benchi la akiba tangu timu yetu ya mpira wa wavu ianzishwe. Mchezaji wa akiba ni mimi peke yangu. Sijawahi kuingia. Nina jezi haijawahi kuona jasho.

Mzee Spana, fundi wa pampu za maji na nahodha wetu tangu enzi za kaptula ndefu, akakohoa. "Walibahatisha."

"Mzee wangu," Kipaza akasema, "mtu anabahatisha seti moja. Mbili, ana uhusiano na mwamuzi. Tatu, anakujua kuliko mkeo."

"Ni aibu tu," Twiga akasema. Twiga ni mchomeleaji, mrefu kiasi kwamba mvua humfikia yeye kwanza. Ndiye mpigaji wetu mkuu, na siku hiyo usoni alikuwa na nundu ya ukubwa wa kitunguu, ambayo nitaieleza. "Watu hawasikii hata filimbi, wanatufunga sisi wenye masikio!"

"Masikio tunayo," nikamwambia, sindano mdomoni. "Uwanjani yalikuwa kumi na mawili. Hakuna hata moja lililokuwa kazini. Wenzetu wale wanaongea mchezo mzima. Hukumwona nahodha wao? Mpira haujavuka wavu, keshajigonga kifua mara moja, wenzake wote wanampisha. Kila mpira una mwenyewe. Sisi wetu ni yatima."

"Ule wa mwisho!" Kipaza akadakia, akasimama aigize. "Ule ulikuja polepole kama majibu ya serikali. Juuu! Unashuka. Kushoto Mzee, kulia Mkwe. Mzee kamtazama Mkwe. Mkwe kamtazama Mzee. Nikadhani wataulizana habari za nyumbani!"

Mkwe, ambaye alikuwa mwisho wa benchi akifungua simu ya watu kwa kibisibisi, akazidi kuinama. Ni fundi simu, kijana wa maneno machache, na mtaa mzima humwita Mkwe kwa kuwa amemwoa binti wa pekee wa Mzee Spana. Ndoa ina miaka minne. Mpaka leo, baba mkwe akipita, kijana husimama, hata kama kashika chai ya moto mikono yote miwili.

"Niliona baba anauchukua," akasema kwa sauti ya chini.

"Nami niliona mwanangu anauchukua," Mzee akasema.

"Na mpira ukaona hautakiwi, ukaenda zake chini," Kipaza akamalizia. "Mara kumi na moja! Nimehesabu! Na mara ya tisa, wallahi, Mkwe aliinama kidogo. Mtu anamwamkia mkwewe katikati ya seti!"

Benchi likacheka. Mzee hakucheka. Alikuwa anasugua goti la kulia, kama anavyofanya kila siku akidhani hatumwoni.

Hapo ndipo ilipokuwa ngoma yenyewe. Jana kocha alituita mazoezini, akawasimamisha wawili hawa mbele yetu. "Pale nyuma mmoja wenu Jumamosi anakaa," aliwaambia. "Ni nani, mtaambiana wenyewe, kwa midomo yenu. Kesho nikitoka kazini nataka jibu. Mkishindwa kusema, nawakata wote wawili, na mechi ya marudiano nacheza na nguzo."

Sasa jua lilikuwa linainama, zamu ya kocha imekwisha, na wawili wale walikuwa hawajasemezana hata neno. Sisi wengine tulikuwa tunaongea kwa niaba yao, tena mambo yote isipokuwa lile moja. Maana jibu tulilijua. Goti la Mzee lilishastaafu, ni mwenyewe tu alikuwa hajapelekewa barua. Lakini nani amwambie mtu aliyekununulia jezi yako ya kwanza? Nani amwambie baba aliyekupa binti? Tulikuwa mabingwa wa kumpigia makofi: "Safi Mzee, umeukaribia!"

"Mimi hayo mazoezi ya kusemasema siyataki," Twiga akabadilisha mada. "Mpira wa wavu unachezwa kwa mikono. Tangu lini ukachezwa kwa mdomo?"

"Ingekuwa kwa mdomo tungekuwa mabingwa wa dunia, na Kipaza angetuzwa gari," nikasema.

"Kipaza? Huyu?" Twiga akanyoosha kidole. "Jana si tulimsikia kwenye zile shuka za wavuni?"

Ni kweli. Kocha alileta shuka kuukuu za wodini, akazianika kwenye wavu mzima, tusione upande wa pili. Kipaza, kwa kuwa ndiye anayetugawia mipira, akawekwa pembeni achungulie na kututangazia: mrefu, mfupi, kushoto, kulia. Neno moja tu. Tukasema, kazi imepata mwenyewe; mtu anayeweza kusimulia harusi ambayo hakualikwa!

"Kachungulia," Twiga akaendelea, "kaona sevu inakuja. Akafungua mdomo. Akasema: 'Jamaniii...' Mpira ukatua! Wa pili: 'Sasa hapa jamani...' Ukatua! Sevu ishirini, jamani ishirini!"

"Nilikuwa natafuta utangulizi," Kipaza akajitetea.

"Utangulizi! Mpira una utangulizi?"

"Na wewe je? Waambie wasiojua hiyo nundu umeipata wapi."

Twiga akaigusa nundu yake. Zoezi la pili: mmoja anafungwa kitambaa machoni, mwenzake anamwongoza kwa sauti mpaka afike chini ya mpira. Twiga alifungwa. Mwongozaji alikuwa Mkwe.

"Huyu dogo," Twiga akasema kwa uchungu, "anaona naelekea kwenye nguzo. Nguzo ya chuma, nimeichomelea mwenyewe! Badala ya kusema 'Simama!', unajua alisemaje? 'Samahani kaka, kama hutajali, naomba...' Sijui aliomba nini. Nilishafika."

Hata Mkwe mwenyewe akacheka, kibisibisi kikamponyoka. Mteja wa Kipaza naye akatokeza mlangoni, taulo shingoni, nusu kichwa kikimeremeta. "Kinyozi, mimi je?"

"Subiri, tupo kwenye mambo ya kitaifa!"

Basi ndiyo akatokea kocha wetu, Mama Sukuma. Ni mkunga. Jina lake la hospitalini silijui, na sidhani kama na wao wanalijua. Nusu ya watoto wa mtaa huu ameshika vichwa vyao kabla ya mama zao, kwa hiyo haogopi ukubwa wa mtu yeyote. Sare mwilini, begi begani, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Gundi, viatu vyangu."

"Tayari, mama. Soli mpya, hata ukimpiga mtu teke itabaki."

Akavipokea, akavigeuza. Kisha bila kuinua macho: "Haya. Nani anakaa Jumamosi?"

Mkwe alikuwa keshasimama kwa adabu. Mzee akatazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamngoja.

"Kwa kweli bado tunashauriana," Mzee akasema.

"Na nani? Kwa ndoto?" Mama Sukuma akashusha begi. "Nyie wanaume mna tabu. Njooni wodini siku moja. Pale kila mtu anasema anachokifanya. 'Nimeshika kichwa.' 'Nimeshika mguu.' 'Leta mkasi.' Hakuna samahani, hakuna jamani. Mmeshawahi kusikia mtoto ameanguka sakafuni kwa sababu wakunga wawili walikuwa wanaheshimiana?"

Kipaza alianza, "Jamani...", akajikamata.

"Sogeeni hapa wote wawili. Mzee kushoto, kijana kulia. Sheria ni ile ile ya jana. Anayechukua anaita 'Wangu!', mwenzake anajibu 'Wako!' na anampisha. Mkinyamaza, shauri yenu."

Akarusha kiatu.

Kilipanda juu vizuri, soli yangu mpya iking'aa. Mzee akamtazama Mkwe. Mkwe akamtazama Mzee. Kiatu kikashuka katikati yao, kikaingia mzima mzima kwenye kikombe cha kahawa aliyokuwa ameletewa Kipaza.

"Kahawa yangu!"

"Soli yangu!" nikalia mimi. "Gundi haijakauka, mama!"

"Kumi na mbili," Twiga akahesabu.

Mama Sukuma akashika kiatu cha pili. "Mficha uchi hazai," akasema. "Hiki ndicho cha mwisho. Kikianguka, nawakata wote, na nyumbani narudi pekupeku."

Akakirusha juu kuliko cha kwanza, kikagusa ukingo wa bati. Mzee akaanza kukifuata. Hatua moja, na goti likalia, kwaa, tukalisikia benchi zima. Akajikunja.

"WANGU!"

Sijawahi kusikia sauti ile. Njiwa waliruka kwenye bati. Mkwe alipita mbele ya baba mkwe wake, akakidaka kiatu kwa mikono miwili, na mdomo ukawa umefunguka, haufungiki tena.

"Wangu, baba! Na wa juzi ulikuwa wangu, na yote kumi na moja ilikuwa yangu! Hufiki, baba! Goti linalia kama mlango wa stoo, nalisikia hadi mstari wa nyuma, nashindwa hata kuusikia mpira! Nakuogopa kuliko Mungu, lakini hufiki!"

Kisha akajisikia alichosema. Akakikumbatia kiatu kifuani. "Samahani, baba," akanong'ona.

Hapo hata nzi alitua kwa tahadhari. Mimi nilishaanza kuwaza nani atampokea yule binti na mabegi yake. Mzee Spana alikunjuka taratibu, akamtazama kijana kuanzia viatu hadi nywele.

"Wako," akasema.

Tukadhani hatujasikia.

"Wako, mwanangu. Nimesema wako." Akatafuta pa kukaa, akakivuta kigoda changu, akakikalia, mguu kaunyoosha mbele kama anayeuaga. "Mwaka wa tatu huu nangoja mmoja wenu aseme. Mimi ni nahodha, nitasimamaje niseme nimechoka? Nikianguka mnapiga makofi. Nikikosa mnasema nimeukaribia. Goti linaniambia kaa, nyie mnaniambia safi. Nimsikilize nani? Mama yenu nyumbani amenikanda mpaka mikono yake imekuwa laini kuliko ya bibi harusi."

"Mama aliniambia nikwambie," Mkwe akasema.

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Na mimi aliniambia niwaambie nyie." Mzee akatikisa kichwa. "Mwanamke yule angekuwa kocha, tungeshachukua kombe."

Ndipo akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, na sisi tukamfuata kama kwaya iliyopewa ruhusa. Kipaza alicheka huku akichungulia kikombe chake, akatoa kamba ya kiatu, akainyonya. Mama Sukuma alivaa viatu vyake, kimoja kikavu, kimoja cha kahawa.

"Basi Jumamosi Mkwe yuko nyuma, mipira yote ya katikati ni yake. Mzee atakaa pembeni atupigie kelele, na za kweli, si za makofi." Akanyanyua begi. "Sasa wachezaji ninao watano, pamoja na wale wawili wasiofika leo. Nafasi ya sita ni ya nani?"

Nikaangalia barabarani. Nikaangalia bati. Nikainua kiatu cha mteja nikakikagua kwa makini sana, kiatu ambacho nilikimaliza tangu asubuhi. Nina maneno ya kila jambo chini ya jua, mimi, na siku ile lugha yote ilinihama, nikabaki na sindano mdomoni.

"Jamani..." nikaanza.

"WAKO!"

Wote kwa pamoja: Kipaza, Twiga, Mkwe, Mzee kwenye kigoda changu, na yule mteja wa nusu kichwa aliyekuwa mlangoni, ambaye hata sheria za mchezo hazijui. Tangu timu yetu ianzishwe, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikilizana.