Maktaba Kubwa Kuliko Mawazo

Kwa furaha isiyo na kifani, ofisi yetu inautangazia umma kuwa Kamati ya Kusimamia Ulinganishi wa Kiingereza katika Mambo ya Kufikirika imemaliza kazi yake kwa mafanikio. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo msisikilize ya vijiweni.

Chanzo ni barua. Mkurugenzi wetu aliwaandikia kwa Kiingereza wageni wa ng'ambo waliofadhili maktaba ya mji. Aliwaambia kwamba maktaba ni kubwa kuliko akili zao za kuwaza. Wageni wakanuna. Wakajibu kuwa hawajazoea kutukanwa na mtu waliyemsaidia.

"Mimi nilikuwa nawasifia maktaba!" Mkurugenzi alilalama, jasho likimtoka na kiyoyozi kinanguruma. "Nitafutieni sentensi iliyonyooka, la sivyo mtanitambua!"

Tukaketi. Mwalimu wa Kiingereza tuliyemwazima shule ya jirani akafafanua kwamba jengo halilinganishwi na akili ya mtu, bali na jengo analoliwaza. Tuandike: kubwa kuliko mnavyoweza kuiwaza. Tukapiga makofi, tukaagiza soda.

Mtunza maktaba, dada aliyeajiriwa mwaka juzi na ambaye tangu aanze kazi hajagusa kitabu hata kimoja, akanyoosha mkono.

"Samahani wakubwa. Tukisema kubwa kuliko, si lazima tujue yenyewe ina ukubwa gani?"

Wote tukachungulia dirishani, kwenye kiwanja cha maktaba. Mbuzi wawili walikuwa wanakula magugu.

"Dada, usituchafulie hali ya hewa," Mkurugenzi akasema.

"Basi tuiache 'kuliko'," mwalimu akashauri. "Tuseme 'sawa na'."

Ikapita bila kupingwa: maktaba yetu ni kubwa sawasawa na mnavyoiwaza. Kiingereza safi, hakuna pa kusahihisha. Mkurugenzi akaisoma kwa sauti, akatabasamu, akatia sahihi yenye mikia mitatu.

Wageni waliielewa barabara. Wakaja na waziri. Mheshimiwa akakizunguka kiwanja, akaipongeza sarufi yetu, kisha akaamua kuwa Mkurugenzi, aliyeijua maktaba kwa usahihi huo, ndiye ahamie humo aiongoze. Ofisi ya ukurugenzi akakabidhiwa yule dada, ambaye siku hiyo hiyo aliita wachimba msingi.

Mkurugenzi wa zamani sasa ana ofisi ghorofa ya tatu ya maktaba. Huripoti asubuhi na kiti chake cha plastiki. Jana mvua ilimwagika, akanipigia simu.

"Katibu," alisema, meno yakigongana, "niletee fundi wa paa, ndugu yangu!"

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba fundi ameshafika, amwaze tu.