Abiria Niliyemwombea Hakuwa Wangu

Ndugu zangu, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana, nikiwa na akili zangu timamu, mbele ya askari, madereva teksi na watu wanaosafiri. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana dereva aliyetupeleka anasali kwetu na mdomo wake mnaufahamu.

Kwa walioingia kundini karibuni: mimi ni mwinjilisti mstaafu, naishi upande wa Kamanga, ng'ambo ya maji kutoka mjini Mwanza. Binti yetu Debora anaishi Ulaya na anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. (Wazee wa watu. Wazee wake tunajitunza wenyewe.) Alipata ruhusa akaja kumwona mama yake mgonjwa, watoto wake wawili akawaacha kwa jirani. Kuja kulikuwa na mateso yake: kupimwa, vyeti, kujitenga. Kurudi ndiyo shida zaidi. Huko anakoishi wametangaza kwamba wiki ijayo wanafunga milango kwa wanaotoka kwetu, kwa ajili ya hii korona, na hakuna anayejua watafungua lini. Asingepanda ndege ya leo, yeye angebaki huku na wanawe wangebaki kule.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Debora hakulijua. Kabla hajafika, daktari alituambia mimi na mke wangu twende tukakae nyumbani, mgonjwa apewe chochote anachopenda kula. Mnaelewa maana ya maneno hayo. Mke wangu aliyaelewa kabla yangu. Tukiwa bado kwenye korido ya hospitali akaniambia, "Debora asiambiwe. Akiambiwa hataondoka." Nikakubali. Kazi yangu ikawa hiyo moja tu, kunyamaza.

Mnanifahamu lakini. Mimi huomba kwa sauti. Nilifundishwa hivyo, nimefundisha wengine hivyo, na kuomba kwa namna nyingine sikujifunza. (Mke wangu husema Mungu si kiziwi, ila majirani wanatamani wangekuwa.) Wiki zote alizokuwa nyumbani Debora sikuomba sawasawa. Niliomba ya juu juu: mvua, wavuvi, wanaosafiri. Lile la moyoni nililibana, kwa sababu mtoto alikuwa chumba cha pili na ukuta wetu ni wa matofali mabichi. Kumficha mtu neno ni kazi. Kubaki nalo bila kumwambia Mungu ni ugonjwa mwingine.

Asubuhi mke wangu alivaa gauni la kanisani. Akajipaka mafuta usoni. Akanywa uji mbele ya Debora mpaka kikombe kikaisha.

"Unaona ninavyokula? Ukirudi utanikuta nimenenepa, hutanifahamu."

Debora akacheka. Mama yake akachukua kitenge chake cha umoja wa akina mama, kile cha kijani chenye picha ya taa, akamfunga kiunoni mwanawe. Kisha akamkabidhi samaki. Sato wa kubanika, wamefungwa kwenye magazeti, wengi kupita kiasi, na yeye ndiye aliyekuwa akitoa amri kitandani siku nzima ya jana wakati wengine wanabanika. Wakakumbatiana kidogo tu, kama watu watakaoonana Jumapili. Nilipokuwa natoka mlangoni nikasikia uji unarudi kwenye beseni. Nikakohoa kwa nguvu ili Debora asisikie.

Kwenye kivuko Debora akanivalisha barakoa. Miwani ikajaa ukungu. Nikishusha barakoa, anaipandisha. Nikifuta miwani, inajaa tena. Mwisho nikaiweka miwani mfukoni. (Wakati ule niliona nimetumia akili.)

Uwanja wa ndege tukakuta wasindikizaji hawaruhusiwi kuingia ndani. Tukaagana hapo nje, kwa viwiko, kama tunavyoagizwa. Nilitaka kumwombea palepale, lakini nilijijua. Nikifungua mdomo, lile neno litatoka. Nikamwambia, "Nenda mwanangu, foleni ni ndefu." Akanishangaa kidogo. Mimi, nimruhusu mtu asafiri bila maombi? Akaingia akisukuma begi lake.

Nikabaki nje kitambo, pua kwenye kioo. Ndani niliona watu kama vivuli, ila kitenge cha kijani nilikiona vizuri, kimesimama kwenye foleni. Moyo ukanijaa. Nikasema, sasa yuko ndani, mlango umefungwa, hanisikii.

Nikanyoosha mkono wa kuume kuelekea kile kitenge, nikafumba macho, nikaanza.

"Bwana, nakushukuru kwa binti huyu. Nakushukuru ulimleta salama."

Mpaka hapo, sawa. Dereva wetu nyuma yangu akaitikia amina. Ningeishia hapo, leo msingekuwa mnasoma haya.

"Bwana, unaona mwenyewe anavyokwenda. Hajui. Hajui kwamba daktari ameshakata tamaa na mama yake. Hajui kwamba uji wa leo umerudi wote. Tumemdanganya, Bwana, mimi na mama yake, na amemuaga kama mtu anayekwenda gulioni. Umtie nguvu siku nitakapompigia ile simu."

Dereva hakuitikia tena. Nilidhani ameguswa. Sauti yangu ikapanda. Nikafumbua jicho moja, nikaona kitenge kinasogea, nami nikasogea nacho pembeni ya kioo, mkono juu, mpaka nikaikumba ndoo ya kunawia mikono. Ikaanguka na stendi yake. Maji ya sabuni yakaingia viatuni. Sikukatisha. (Nimeomba kwenye mvua ya mawe, nitashindwaje na ndoo.) Yule mwenye kitenge huko ndani aligeuka, akamwona mzee amemnyooshea mkono, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikamshukuru Mungu kwamba mwanangu hajasahau malezi.

"Kwa jina la Yesu, amina."

"Amina," ikaitikia sauti nyuma yangu.

Sauti ile naifahamu tangu ikililia titi.

Nikageuka. Kitenge kingine cha kijani. Nikatoa miwani mfukoni, nikavaa. Debora alikuwa amesimama pale, amekumbatia furushi la samaki. Mzigo wake ulizidi uzito, wakamwambia apunguze, akatoka kuniletea. Alikuwa amesimama nyuma yangu tangu kwenye "ulimleta salama".

"Baba, unamwombea nani?"

"Wewe."

"Mimi niko hapa."

"Naona."

Tukatazama ndani wote wawili. Mama mmoja mnene, amevaa kitenge cha umoja kama nusu ya akina mama wa Mwanza, alikuwa anatupungia mkono wa shukrani.

Debora akakaa chini, kwenye ukingo wa baraza, samaki mapajani. Nikakaa karibu naye na viatu vyangu vya maji. Watu walijifanya wanatazama simu zao. Dereva akaiinua ile ndoo, akaanza kuifuta, ingawa ndoo haifutwi.

"Nani mwingine anajua?" Debora akauliza.

"Mimi na mama yako. Na daktari."

"Na sasa uwanja mzima."

Nikavua kiatu kimoja, nikamwaga maji.

"Alikukataza kuniambia?"

"Alinikataza."

"Ukakubali?"

"Ni mke wangu, Debora."

Akalia. Hakulia kwa kelele. Nilitaka kumshika, nikakumbuka mambo ya viwiko, kisha nikayasahau, nikamshika. Askari wa mlangoni, binti mdogo tu, akaja taratibu. "Dada, pole. Lakini kaunta inafungwa. Unaingia au unabaki?"

"Nabaki," Debora akasema.

Hapo ndipo aibu iliponiingia mifupani, ndugu zangu. Ndoo si kitu, na yule mama wa kitenge si kitu. Mke wangu aliniomba jambo moja katika ugonjwa wake, naye alitaka liwe hilo tu: mwanawe arudi kwa watoto wake. Nami nililiangusha mlangoni.

Debora akapiga simu nyumbani, akaweka spika.

"Mama, baba ameniambia."

Kisha sauti ya mke wangu, nyembamba lakini ya kwake kabisa: "Hajakuambia. Baba yako hawezi kumwambia mtu kitu. Umemsikia anaomba."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Nilijua. Nilisema abaki nyumbani akasema lazima akusindikize. Haya, uko wapi, umeshaingia?"

"Siingii. Nakuja huko."

"Uje ufanye nini?"

"Nikuuguze."

"Baba yako ananiuguza. Anapika vibaya, lakini na mimi sili, kwa hiyo tumeelewana. Wanao nani atawauguza? Milango ya huko ikifungwa utakaa hapa unanifukuzia nzi. Nikishaondoka utabaki na baba yako mnalia wawili, na watoto wanalia peke yao. Niambie nani kafaidika hapo."

"Mama, sitakuzika."

Askari alikuwa amesimama karibu, akageuza uso.

"Utanizika kwenye simu kama wenzako," mke wangu akasema. "Si umeona siku hizi wanavyofanya, mtu anasimama kando ya kaburi na simu, walio mbali wanaangalia. Ila nakuomba, baba yako asishike yeye. Mikono inamtetemeka. Utaangalia miguu ya watu mazishi yote."

Debora akacheka. Alicheka na kulia pamoja, na kamasi, kama alipokuwa mdogo. Dereva naye akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Sasa ondoa hiyo spika," mke wangu akasema. "Asubuhi tuliagana kwa uongo. Tuagane vizuri."

Debora akaenda kando, penye maua. Sikusikia walichosema, wala sikupaswa. Nilimwona tu anaitikia kwa kichwa, muda mrefu, kana kwamba mama yake alikuwa anamwona. Binti askari alikwenda kaunta, akarudi, akaniambia wanamsubiri kidogo. Mungu ambariki yule mtoto wa watu. Jina lake sikuuliza.

Debora akarudi, macho mekundu. Akapiga magoti mbele yangu, kwenye maji yangu ya sabuni.

"Baba, niombee. Mimi sasa."

Nikamwekea mkono kichwani. Watu wote wananitazama, wanangoja. Na hapo, ndugu zangu, mwinjilisti wenu wa miaka yote hiyo, aliyewakesheza ibadani mpaka watoto wanalala chini ya mabenchi, alikosa maneno. Nilitafuta hata moja. Mwisho nikasema, "Bwana, unatuona. Amina."

"Imeisha?" dereva akauliza.

Ilikuwa imeisha. Debora akaingia, na safari hii nilivaa miwani, ukungu na vyote, nikahakikisha ni yeye.

Alipofika Dar kusubiri ndege kubwa akanitumia ujumbe. Yule mama mwenye kitenge alikaa jirani yake. Anashukuru sana kwa maombi. Ila kupitia mlangoni alisikia kipande cha kwamba mama yake hatapona, akadhani ni unabii kwake, akampigia simu mama yake Geita papo hapo. Mama huyo wa Geita ni mzima, alikuwa shambani, na amekasirika mno.

Nikarudi na samaki. Mke wangu alikuwa ameegemea mto ananisubiri. Nilitaka kumwomba msamaha, akanikatiza kwa mkono.

"Amepanda?"

"Amepanda."

"Umemwona mwenyewe, kwa miwani?"

"Kwa miwani."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Haya, nieleze hiyo ya ndoo. Debora kanidokeza tu." Nikamweleza. Akataka nisimame nionyeshe mkono ulivyokuwa. Nikaonyesha. Akacheka mpaka ikabidi nimshike mgongo, na baada ya kikohozi kupita akataka nianze upya, pale mama wa kitenge alipoinamisha kichwa. Sijamsikia akicheka hivyo tangu alipougua. Namshukuru Mungu kwa kicheko hicho, ingawa kilinihusu mimi.

Kwa hiyo naomba msinicheke hapa kundini. Njooni mnichekee nyumbani, mbele yake, kisa atawasimulia mwenyewe, amekwisha kuongeza mambo yake. Anachoka haraka, basi mje wachache wachache. Ila msichelewe.