Handaki la Kona ya Ukutani

Alhamisi, 5 Machi

Leo mke wangu kaniita "mume wangu". Nikajua kuna jambo. Kwa kawaida mimi ni "wee mzee", tangu hata sijazeeka. "Mume wangu" huitoa mara chache, kama sahani za wageni.

Jambo lenyewe: dada yake anakuja Jumapili. Mguu unamsumbua, daktari wake yuko huku, atakaa miezi mitatu na atalala chumba cha nyuma. Nikauliza kwa upole, chumba cha nyuma kipi. Akasema nyumba hii ina cha nyuma kimoja tu, kile chenye kitanda na makorokoro yako.

Makorokoro! Ni reli yangu ya treni ndogo ya umeme. Mita kumi na moja za reli nyembamba, zimezunguka juu ya milango miwili ya kabati la zamani niliyoilaza kama meza, pamoja na stesheni, mlima wa plasta, ng'ombe wanne, na kijiji nilichokijenga kwa maboksi ya vidonge vyangu vya presha. Kazi ya miaka miwili. Mimi nilikuwa mtu wa breki. Miaka thelathini na moja kwenye behewa la mwisho, nimekaa nikitazama tulikotoka. Sasa nimestaafu, nami nataka kuona treni inakokwenda. Ni dhambi?

Nikajitetea kwamba treni yangu inatembea kama ya kweli. Akasema ya kweli haianguki kila ikifika kona ya ukutani. Kumbe huwa anachungulia.

Tumepatana hivi. Jumapili saa kumi, raundi tatu, bila kuanguka na bila mkono wangu kuigusa. Ikiweza, dada yake atalala sebuleni. Ikishindwa, reli inakwenda stoo ikakae na majembe. Na kwa kuwa haniamini hata nikiwa nimelala, refa atakuwa Fundi Saa.

Fundi Saa! Jirani yangu huyo naye ana reli, ndogo kuliko yangu, safi kuliko yangu. Kichwa cha treni yake ni cha kijani, kina bomba la shaba, hukaa kabatini nyuma ya kioo na hufutwa kwa brashi ya kusafishia saa. Kichwa changu chekundu, kikipanda mlima, kinahema kuliko mimi nikipanda ngazi.

Nimemeza kidonge cha mwisho. Boksi nimeliongeza kijijini.

Ijumaa, 6 Machi

Sikulala vizuri, lakini akili haikulala kabisa. Matatizo ni mawili: kichwa dhaifu na kona mbaya.

Kona naijengea handaki. Nyuma yake, upande wa ukuta, nimeacha tundu la kupitisha mkono. Nitaegemea ukuta kama mtu asiye na haraka, treni itaingia gizani, vidole vyangu vitaisindikiza hadi upande wa pili. Nani ataona?

Nimekata wavu wa waya uliobaki kwenye banda la kuku, nikaukunja, nikaubandika magazeti kwa gundi ya unga wa ngano. Kimo na upana nimepima kwa behewa langu la breki, lile dogo la mwisho. Kipimo gani kingine mtu kama mimi atakiamini? Linapita vizuri, hata nafasi inabaki.

Mke kauliza unga wa ngano umekwenda wapi. Nikasema panya. Akasema panya huyo ana gundi kwenye nyusi.

Jioni nimekipaka kichwa changu chekundu rangi ya kijani iliyobaki ya geti. Bomba nimelitengeneza kwa kifuniko cha peni. Kwa mtu mwenye miwani mizito, akiwa mbali, na taa hafifu, ni pacha wa kile cha Fundi Saa. Mpango mwenyewe uko wazi, siuandiki. Daftari hili si la kuaminika, mke anajua kusoma.

Jumamosi, 7 Machi

Rangi ya geti haikauki upesi. Asubuhi bado inanata. Nimekitia kichwa ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko wa koti, nikaenda kwa Fundi Saa nikidai saa yangu ya mkononi inachelewa.

Chumba chake cha kazi kina saa za ukutani kumi na mbili, na kila moja ina saa yake. Akaifungua yangu, akabana lensi jichoni, akasema saa haina ugonjwa, mgonjwa ni mvaaji. Kisha akanionyesha mkwaruzo mdogo ndani ya mfuniko. Alama yake. Kila kitu kinachopita mikononi mwake hukikwaruza mahali pasipoonekana, kikirudi ajue ni kazi yake. Nikamsifu. Kusema kweli sikumsikiliza, macho yalikuwa kabatini.

Akaenda kuleta chai. Nikafungua kioo. Chake nje, changu cha rangi ya geti ndani, pamoja na manyoya kidogo ya soksi. Hapo saa ya kwanza ikagonga saa nne. Nikaruka. Ya pili ikagonga, ya tatu, zikawa zinapokezana kama mashahidi. Ya kumi na mbili ilipomaliza nilikuwa kitini, nimekunja nne, natiririka jasho.

Fundi Saa akauliza kulikoni. Nikasema presha. Akanihurumia. Akasema kesho atakuwa refa wa haki, lakini nisiwe na wasiwasi, atakuja na kitu cha kunisaidia. Kitu gani? Hakusema. Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Njia yenyewe ni hatua arobaini.

Mchana nimekijaribu kile cha kwake. Kimepanda mlima na mabehewa matano bila kukohoa. Handaki sikulijaribu kwa sababu gundi bado mbichi. Mke akachungulia, akauliza mbona kichwa kimekuwa cha kijani. Nikamwambia nimekipaka rangi. Hapo nilisema ukweli mtupu, ingawa ulihusu kichwa kingine.

Jumapili, 8 Machi, saa nane mchana

Shemeji kafika mapema, na masanduku matatu. Kaniambia shem, umenenepa kila mahali isipokuwa akili. Nikamwambia karibu, sebule yetu ina upepo mzuri. Akamtazama dada yake, dada yake akatazama dari.

Nimekwenda kupima handaki tena kwa behewa la breki. Linapita.

Jumapili, jioni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji.

Saa kumi walikuwa wamejipanga. Shemeji kwenye kiti, mguu juu ya sanduku. Mke mlangoni. Fundi Saa na kalamu ya refa, mfuko wa shati umetuna, kuna kitu kimefungwa kwenye leso. Mimi nimeegemea ukuta, mkono wa kushoto kwenye kisanduku cha umeme, wa kulia tayari tunduni. Nikasema nimeegemea kwa ajili ya mgongo.

Treni ikaondoka stesheni. Ikapita ng'ombe. Ikapanda mlima. Shemeji akapiga makofi, nikamwona mke akianza kuhesabu mito ya sebuleni. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko zile saa kumi na mbili. Ikashuka, ikaingia handaki.

Kru.

Bomba la shaba limegonga paa. Behewa la breki halina bomba! Miaka yote ile nimekaa nyuma, bomba nililiona lini? Nikasukuma kwa vidole, halisogei. Nikaamua kuutoa mkono nianze uongo mpya. Mkono hautoki. Ncha za waya nilizikunja kwa ndani, kuingia zinakuruhusu, kutoka zinakushika.

Kichwa kinanguruma humo ndani. Harufu ya kuungua ikaanza.

Fundi Saa akasema nisihangaike, yeye alijua kichwa changu ni dhaifu, ndiyo maana kaja na chake kisukume kwa nyuma. Akafungua leso. Leso ya kijani. Kiganja cha kijani. Kifuniko cha peni kikaanguka, kikabingirika hadi miguuni kwa shemeji. Fundi Saa akakitazama alichoshika, akapangusa manyoya ya soksi, akavua miwani, akavaa tena.

Mke akasema, mume wangu, hebu nionyeshe mikono yote miwili.

Nikamwonyesha mmoja.

Shemeji akamuuliza dada yake kama aliolewa na mtu wa mkono mmoja, mbona hakumwambia.

Mke hakucheka. Kaleta mkasi wa bati, kalipasua handaki kama anafungua kopo. Mkono ukatoka kwanza, kisha kichwa, bomba limepinda. Fundi Saa akakigeuza, akabana lensi jichoni, akaukuta mkwaruzo wake tumboni. Nilingoja anitukane. Angenitukana ingekuwa nafuu. Akakaa kitandani, akasema taratibu kwamba alitaka nishinde. Akasema reli yangu ikienda stoo, yeye atabaki na saa tu, na saa hazibishani na mtu.

Nilisema mgongo unaniuma.

Hukumu ya refa: treni haikuanguka, imekwama. Lakini mkono umegusa, na umegusa hadi kushikwa. Akaondoka na vichwa vyote viwili. Mke akaenda kuchukua funguo za stoo.

Jumatatu, 9 Machi

Siku mbaya. Reli iko stoo, chini ya majembe. Kijiji kimelowa, paa linavuja. Ng'ombe mmoja hajulikani alipo.

Saa tatu nimefungua mlango wa mbele, nikakuta kifurushi kwenye ngazi. Leso imefuliwa, ndani yake kichwa changu. Rangi ya geti imekwanguliwa yote, chekundu tena, kimetiwa mafuta, na juu yake bomba jipya la shaba, refu kuliko hata lile la kwake. Nikakigeuza. Tumboni kuna mkwaruzo mdogo. Hakuna barua.

Niliona haya sana. Nilikaa pale ngazini nimekishika, nikaapa kuachana na ujanja, nikapanga kwenda kumwomba radhi. Hayo yalichukua kama dakika tano.

Kisha nikaingia chumba cha nyuma kumjulia hali shemeji. Akasema mguu haukunjiki, hawezi kuinama hata kuokota kandambili, nimsaidie. Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kitanda.

Jamani! Mvungu mzima uko wazi, toka ukutani hadi ukutani, giza zuri, sakafu imenyooka. Na ukuta wa kichwani ndio huohuo wa stoo, udongo mtupu, hata kijiko kinautoboa. Treni itoke stoo, ipite mvunguni, izunguke, irudi. Shemeji hainami, mke hafagii huko mwenye kitanda akiwa amelala. Kinachotakiwa ni handaki dogo tu ukutani. Unga mpya wa ngano nimeuona juu ya friji.

Fundi Saa nitamwomba radhi likikamilika, nimwite aje aone. Atafurahi.

Tundu nimeshalichora kwa mkaa, nikalipima vizuri kwa behewa la breki. Linapita, hata nafasi inabaki.