Flashi Iliyonitangulia Ukweni

Leo nimeumbuka mchana kweupe, na aliyeniumbua ni kompyuta yangu mwenyewe.

Mnajua nina steshenari hapa Magomeni, Kilosa. Kompyuta ndani, spika kubwa mlangoni, muziki wa kuvuta wateja. Sasa hii kompyuta ina kiherehere. Ukichomeka kitu chenye sauti, inapiga yenyewe. Jana nikaamua kuikomesha. Nikaingia kwenye setingi, nikaikuta AutoPlay, nikaona mstari wa memori kadi, nikazima. Nikajipongeza na soda. (Kulikuwa na mstari mwingine wa flashi. Sikuusoma. Fundi gani anasoma mpaka mwisho?)

Leo saa nne akaingia baba yake Minza, mfugaji wa Msowero. Minza ndiye ninayetaka kumuoa. Mshenga wangu anapeleka barua ya posa Jumamosi, na mzee alikuwa hajawahi kuniona. Mimi namfahamu kwa kumchungulia kanisani. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Akaitikia marahaba mara moja.

Alifuata barua yake ya kikao cha wakulima na wafugaji. Minza aliniletea juzi niichape, nami niliichapa nyumbani, ikawa kwenye flashi yangu. Nikachomeka kwa adabu zote.

Kumbe humo humo kuna sauti niliyojirekodi nikifanya mazoezi ya siku ya kwenda kujitambulisha ukweni. Na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunijibu, nilijijibu mwenyewe. Kwa sauti ya mzee. Nzito, yenye kikohozi.

Spika ikaanza: "Shikamoo baba. Mimi ndiye ninayempenda Minza." Kikohozi. "Marahaba. Una ng'ombe wewe, au una makaratasi tu?"

Mama wa vitumbua nje akaacha kugeuza. Nabonyeza kusimamisha, kompyuta imeganda. Nakimbilia waya wa spika, nachomoa wa printa. (Ndiyo, wa printa.) Wakati huo mimi wa kwenye rekodi nimeshaanza kulia, namwomba mzee wangu wa bandia anionee huruma.

Nilipoupata waya wenyewe, nilikuwa nimeshakataliwa mara mbili. Machozi ya kweli yalinilenga, maana yule binti nampenda jamani, na niliona nimempoteza kabla hata mshenga hajavaa viatu.

Mzee akataka kukohoa, akajizuia.

"Kijana," akasema, "mimi sikohoi hivyo."

Nikaomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Nikarudisha waya wa printa, nikaiwasha kompyuta upya, nikamtolea barua yake. Akaikunja polepole, akafika mlangoni, akageuka.

"Jumamosi mshenga aje. Ila huyo mzee wa kwenye spika abaki huku huku."

Nimezima mistari yote ya AutoPlay, hata ya vitu nisivyokuwa navyo. Na nyie mnaotaka kucheka, nawaomba mjikaze hadi posa ipokelewe.