Jemadari Amehamia kwa Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Juni
Nimeteuliwa! Jumamosi nitawafundisha watoto na wazazi wao shuleni namna ya kutunza mbwa na paka. Mwalimu mkuu alitafuta mzazi mwenye mnyama. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Kikwazo ni kidogo. Paka wangu, Jemadari, amehamia kwa jirani yetu, fundi cherehani. Fundi anadai eti kwetu alikosa hata bakuli la maji. Uongo. Bakuli lilikuwepo, ila nililitumia kulowekea brashi za rangi.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kumdai paka wangu. Nikamwita kwa sauti ya mwenye nyumba. Akafumbua jicho moja, akapiga mwayo, akaendelea kulala juu ya mabaki ya vitambaa. Fundi akanieleza kwa upole kwamba siku hizi anaitwa Bibie, na anaitika. Bibie! Dume zima lenye masharubu!

Binti yangu alilia, hakumaliza chakula. Mama yake akatoa hukumu: Jumamosi paka akinifuata kwa hiari yake mbele za watu, atarudi nyumbani. Asiponifuata, ni wa fundi moja kwa moja, na habari za wanyama zisisikike tena humu ndani. Nimekubali. Nimemwahidi binti yangu kwamba paka atarudi.

Alhamisi, 6 Juni
Dagaa. Nashangaa sikuwafikiria mapema. Fundi akitoka tu, napitisha dagaa dirishani. Jemadari anakula mpaka ananilamba vidole. Tumbo limemjaa, linaning'inia. Malezi bora hayajifichi.

Fundi amegundua. Amesema mnyama mwenye hali kama ile halishwi ovyo ovyo. Hali gani? Mwenye wivu ajinyonge.

Mke wangu ameuliza kama nimesoma kijitabu nilichopewa na mwalimu mkuu. Nimesoma jalada, mbele na nyuma.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeandaa kasha la kadibodi, ndani nimetandika sweta la mke wangu. Hajui. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Ilinigusa hata mimi mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi ulijaa. Fundi alimleta Jemadari kwenye kikapu, kiungwana kabisa. Nikasimama, nikatangaza kwamba mwenye mnyama hasa ni yule anayemjua mnyama wake. Kisha nikamwita.

Akaja! Alipita katikati ya watu wote, akanikaribia, akaingia kwenye kasha langu. Makofi. Binti yangu alipanda juu ya kiti kwa furaha. Nikamtupia fundi jicho la ushindi.

Nikaingia kwenye somo la kuwafunga wanyama uzazi. Nikasema mimi sina wasiwasi huo, paka wangu ni dume. Watoto wa mbele wakaanza kunyoosha mikono. Nikawaambia maswali mwishoni. Mmoja hakuweza kungoja. Akasema Jemadari amezaa, na mwingine anakuja.

Nikachungulia. Ni kweli.

Fundi alipiga magoti, akaomba maji safi na utulivu. Binti yangu akamsaidia. Mimi nilitafuta pa kukaa. Baadaye mke wangu akakiri kwamba hukumu ni hukumu, paka alinifuata, ni wetu. Binti yangu ndiye aliyekataa. Akasema abaki kwa fundi, kwa sababu baba hakujua hata kama ni jike. Hakusema kwa hasira. Iliniuma zaidi kwa hilo.

Jumapili, 9 Juni
Watoto ni watatu, wazima. Binti yangu ameshinda kwa fundi akijifunza kuwatunza. Mke wangu amelegeza kamba: wakiacha kunyonya, mmoja atakuja kwetu, mradi mimi niwe msaidizi wa binti yangu na si mkubwa wake.

Nimeshamchagua. Ni yule mweusi anayewasukuma wenzake. Nimempa jina la Brigedia. Nimepeleka na dagaa wake, wamerudishwa.

Binti yangu ameniuliza kama nimemwangalia vizuri kwanza. Mke wangu akadakia kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Nimewajibu wote wawili kwamba brigedia hakaguliwi.