Karatasi Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Maktaba ya mji inatafuta msaidizi wa likizo! Nafasi moja tu, kwa mwanafunzi wa shule yetu. Kazi ni kupanga vitabu. Nimelisoma tangazo mara nne. Maktaba ndilo jengo pekee mjini ambamo kuongea ni kosa. Lina hata bango ukutani. Mtu akikusemesha, unaweka kidole mdomoni, na yeye ndiye anayeomba radhi! Nilizaliwa kwa ajili ya jengo hilo.

Kisha nikasoma mstari wa mwisho. Salale! Nafasi ni ya atakayeshinda mtihani wa Kiingereza wa kuongea, Ijumaa hii. Wa kuongea! Yaani ili niruhusiwe kunyamaza, sharti kwanza nipayuke.

Mtihani ni hivi. Mwalimu wa Kiingereza anatembea na darasa zima kuanzia posta hadi mochwari. Mbele ya kila jengo anasimama, na wewe unasema kwa sauti, kwa Kiingereza, ni jengo gani na watu hufanya nini humo. Majengo kumi na manne. Wenzangu thelathini na nane wanakutolea macho.

Waliojiandikisha ni wawili. Mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye ukoo mzima unamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Redio hata kusoma hapendi. Nilipomuuliza kwa nini anaitaka maktaba, akajibu kuwa amesikia ndani kuna feni.

Feni!

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Majina yote ninayajua. Yako kichwani, yamepangwa vizuri. Kisha kaka akapita kuchukua mswaki na yote yakakimbia. Nilibaki na neno moja, "window", nalo halimo kwenye mtihani.

Ndivyo nilivyo. Macho ya watu yakinigusa tu, ulimi unaganda na shingo inainama yenyewe. Mjini huku nawajua watu kwa viatu vyao. Majengo nayajua kuanzia magotini kushuka chini.

Magotini! Hapo ndipo wazo liliponijia. Nilikuwa naosha vyombo. Sahani ikaniponyoka. Mama akapiga kelele kutoka sebuleni kwamba we mtoto, utanimalizia vyombo. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimeshashinda mtihani.

Jumatano, 5 Machi

Mpango: kwa kuwa macho yangu hayapandi juu, majibu yatashuka chini.

Baba ni karani wa ofisi ya mji. Fomu zilizoharibika hutuletea nyumbani tufanyie hesabu upande wa nyuma. Nimekata karatasi kumi na nne, kila moja kama kiganja. Juu ya kila moja nimeandika jina la jengo kwa Kiingereza. Pembeni nikatia nambari kwa kalamu nyekundu, moja hadi kumi na nne, ili nisichanganye njia.

Baada ya masomo nimepita mtaa mzima. Nainama kana kwamba nafunga kamba za kiatu, nabandika karatasi karibu na mlango, usawa wa goti, naondoka. Mara kumi na nne! Bibi mmoja aliyekaa kibarazani akaniambia, mwanangu, viatu hivyo mwambie baba akununulie vingine.

Hata duka la Mama la ushonaji nimelibandika. Nambari sita. Haki sawa kwa wote.

Sina la kuongeza. Mimi ni hatari.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu.

Asubuhi nimekuta watu wamejaa mbele ya bucha. Mwenye bucha amepiga magoti anaielekezea karatasi yangu tochi ya simu. Mwanga ulipopenya, muhuri wa ofisi ya mji ukajitokeza kutoka upande wa pili, mweusi, wa duara, umekamilika! Muhuri, nambari nyekundu na Kiingereza. Mtu mzima hahitaji zaidi ya hapo. Mwenye bucha akasimama, akashika kiuno, akatangaza kwamba wanabomolewa.

Nilitaka kusema kitu. Kilichotoka ni kikohozi.

Saa nne mtaa ulikuwa unachemka. Fundi viatu ameshaanza kung'oa mlango wake ili asiupoteze. Mwenye duka la dawa amelala chini barabarani, anasema tingatinga lipite juu yake kwanza. Wajumbe wakatumwa ofisi ya mji kuuliza. Ofisi ikajibu haina habari yoyote. Watu wakaguna, wakasema basi ni kweli, maana isingekuwa kweli wangekubali.

Baba amerudi mapema, kichwa kinamuuma. Mkuu wake ameitisha makarani wote na kuwauliza mmoja mmoja ni nani aliyetoa fomu nje ya ofisi. Ameamuru pia karatasi zisiguswe hadi uchunguzi uishe. Baba aliapa kuwa hajui chochote. Kaka akaapa. Mimi nikaenda kupiga deki, ingawa zamu yangu ilikuwa jana.

Jioni nikashuhudia jambo ambalo sikulitegemea katika maisha yangu. Mama! Mama yangu mzazi, anayetuamrisha turudishe hata pini ya mtu! Ameibandua karatasi kwenye duka lake taratibu, kwa wembe wa kukatia nyuzi, akatazama huku na huku, akaenda kuibandika kwa kinyozi. Aliponiona akasema kinyozi huyo miaka yote humwaga maji machafu kwenye kibaraza chetu, wacha abomolewe yeye.

Nimekaa roho juu kidogo, lakini nimejirekebisha. Nambari sita iko kwa kinyozi. Nitakumbuka. Bahati nzuri ni Mama peke yake. Wengine mtaani ni watu wenye heshima zao.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa chini ya kitanda. Kwa hiari yangu.

Redio alifungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu asisikie majibu. Mimi nikatangulia. Nilijiapiza kutofikiri kabisa, kwa sababu kufikiri ndiko kunakoniponza siku zote. Kazi yangu ni kuinama na kusoma, basi.

Posta: sawa! Maktaba: sawa! Sauti yangu ilikuwa inasikika hadi mstari wa pili. Mwalimu akatikisa kichwa kwa mshangao, akanong'ona kwamba kumbe huyu binti ana sauti. Nikajisikia kama kiongozi wa nchi.

Jengo la tatu. Nikainama. Nikasoma. Nikatamka kwa ufasaha, kwa Kiingereza, kwamba hii ni "mortuary" na humu watu huleta jamaa zao waliofariki.

Nikasikia mtu anapumua kwa nguvu. Nilinyanyua macho kidogo nikaona viatu vyeusi vinavyong'aa, suruali yenye mstari, tai. Meneja wa benki! Nyuma yake foleni nzima ya wateja wameshika vitabu vyao vya akiba. Mzee mmoja akatoka kwenye foleni, akaenda zake.

Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nilijiambia imetokea bahati mbaya mara moja tu, haitarudia.

Mbele ya kituo cha polisi nikatangaza kuwa hiki ni choo cha umma na kila mtu anakaribishwa kuingia. Sajenti alikuwa anakunywa chai mlangoni. Chai ikamtoka puani.

Mbele ya hospitali nikasema, tena kwa sauti ya juu kuliko zote, kuwa hii ni "butcher's" na humu hukata nyama kila siku, freshi. Daktari alikuwa anavua glavu. Mgonjwa wa kwanza kwenye benchi akamshika mkono mkewe, akamwambia twende nyumbani, mama watoto.

Kumbe mtaa mzima ni kama Mama! Mlinzi wa mochwari amehamishia karatasi yake benki, kwa kuwa mlinzi wa benki humcheka. Mwenye bucha kahamishia hospitali. Mwangalizi wa choo kahamishia polisi, na sababu hataki kuitaja. Kila mtu amemtupia jirani ubomoaji wake. Watu wazima!

Mwalimu alichuchumaa mlangoni pa hospitali. Akaisoma karatasi. Akanitazama mimi. Akaisoma tena. Anaujua mwandiko wangu: herufi g yangu ina mkia mrefu kama wa nyani. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, kwa Kiswahili, kama nina la kusema.

Nikasema "window".

Redio alipofunguliwa akapata kumi na nne kwa kumi na nne, na njiani akanunua mahindi ya kuchoma.

Jumamosi, 8 Machi

Baba hakunichapa. Bora angenichapa. Alikaa kitandani kwangu, akasema polepole kwamba juzi aliapa mbele ya mkuu wake, na leo lazima aende kukitengua kiapo hicho. Miaka kumi na tisa kazini, hajawahi kupewa hata barua ya onyo. Nilishindwa hata kulia. Nikamwambia nitakwenda naye. Sijui sentensi hiyo ilitoka wapi.

Nimeenda. Nimesimama mbele ya mkuu wa ofisi, mtu mwenye viatu vya kahawia, na nimesema ni mimi, Baba hakujua. Mkuu akasema hakusikia. Nikasema tena. Akasema bado. Mara ya tatu walisikia hadi nje kwa askari wa geti. Baba amebaki na kazi. Barua ya onyo ameipata, ya kwanza. Ameikunja na kuiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, na njia nzima hakuigusa.

Adhabu yangu ameitoa Mwalimu: kubandua karatasi zote, na kwa kila jengo kulitaja jina lake kwa Kiingereza, kisha kuomba radhi kwa Kiswahili. Zote kumi na nne. Nyumba kwa nyumba.

Meneja wa benki alitaka nirudie mara mbili mbele ya wateja kwamba hii ni benki. Sajenti alinisikiliza akiwa ameiweka chai mbali. Fundi viatu alisema nimsaidie kurudisha mlango. Mlango wenyewe ulikuwa mzito kama ng'ombe. Kinyozi na Mama sasa hawasalimiani, na wote wawili wanasema kosa ni langu.

Maktaba ilikuwa ya mwisho. Sauti ilikuwa imeniisha. Nikamnong'oneza mkutubi msamaha wote. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta.

Jumatatu, 10 Machi

Siamini! Siamini! Siamini!

Redio alianza kazi maktaba saa mbili asubuhi. Saa nne alikuwa nje. Inasemekana alimsimulia mzee mmoja mechi nzima, pamoja na dakika za nyongeza, huku mzee akijaribu kusoma gazeti lenye habari za mechi hiyo hiyo. Shangazi amekuja kulalamika kwamba mtoto wake ameonewa. Redio mwenyewe hana habari. Anasema feni yenyewe mbovu.

Mkutubi akampigia Mwalimu simu. Alisema kwa miaka yote aliyokaa hapo, hajawahi kuombwa msamaha kwa sauti inayofaa maktaba. Anamtaka yule binti.

Yule binti ni mimi! Baba ameniambia nisimtie aibu. Nikamwahidi. Nilimaanisha.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya kwanza. Harufu ya vitabu, ukimya, vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Nimepanga rafu nzima bila mtu kunisemesha. Nikajua peponi kukoje.

Saa sita mkutubi akanieleza kazi yangu hasa. Macho yalinitoka pima! Kupanga vitabu ni kazi ya leo tu. Kuanzia kesho, likizo nzima, kila asubuhi wanaletwa watoto wa chekechea, thelathini kwa mara moja. Msaidizi anawapokea mlangoni, anawaimbisha salamu, anawatembeza na kuwaeleza kila chumba. Kwa Kiingereza. Kwa sauti, na kwa mikono.

Kuwaimbisha!

Nimerudi nyumbani nikiyumba. Lakini nimetulia sasa. Wiki hii nimejifunza jambo kubwa, na ninalo moyoni: usiache mwandiko wako mahali ambapo mtu anaweza kuuona. Huko ndiko nilikokosea, kwingine kote nilikuwa sawa.

Kesho nitafika na skafu nene shingoni. Nitamwonyesha mkutubi koo kwa kidole, nitatikisa kichwa kwa huzuni. Sauti imepotea. Daktari kasema wiki sita. Saini ya daktari nimejaribu mara tano, na ya tano imetoka vizuri kuliko yake mwenyewe.

Mpango mzima nimeuandika hapa hatua kwa hatua, nisije nikausahau, na daftari nitakwenda nalo kazini.